NYUMBA IKIPIGWA MNADA, MPANGAJI AENDE WAPI?



Mwezi huu twaliacha kidogo jambo la mishahara, ingawa halijaisha, tuseme habari ya nyumba. Sababu ni hii. Katika tawi letu moja wanachama saba wanakaa katika ploti moja ya ghorofa tatu. Mmoja wao alitoka kazini zamu ya usiku, akafika langoni saa moja asubuhi, akakuta karatasi imebandikwa kwa gundi juu ya chuma, yenye jina la dalali, namba ya ploti na siku ya mnada. Alikuwa amelipa kodi juzi yake tu. Jirani yake wa mkono wa kushoto alikuwa ameingia wiki mbili zilizopita, akatoa kodi ya mwezi na dipoziti ya mwezi, na mwenye nyumba akazipokea fedha zile kwa tabasamu, akampa ufunguo.

Walikuja ofisini jioni ile wakiwa na maswali mengi kuliko viti vyetu. Tuondoke lini? Kodi ya mwezi ujao tumpe nani? Dipoziti yetu iko wapi? Dalali atachukua vitanda vyetu? Mmoja wao, mama wa watoto watatu, hakuuliza neno. Alikuwa amekwisha kufunga vyombo vyake katika magunia. Twataka kusema naye kwanza: Mama, fungua magunia yako. Hakuna sheria katika Kenya inayosema kwamba mpangaji atoke siku karatasi inapobandikwa langoni.

Yafaa kila mwanachama aelewe deni hili ni la nani. Mwenye ploti alikwenda benki, akakopa fedha za kujengea au za biashara nyingine, akaweka hati ya ardhi yake rehani. Akashindwa kulipa, au hakutaka kulipa. Sasa benki yauza rehani yake. Kilichowekwa rehani ni ardhi na jengo lililo juu yake. Kitanda chako hakikuwekwa rehani, wala jiko lako la gesi, wala mashine ya kushonea ya mke wako. Dalali aliyetumwa kuuza nyumba kwa deni la mwenye nyumba hana ruhusa ya kugusa hata kijiko cha mpangaji. Ni jambo jingine kama wewe mwenyewe una deni la kodi, maana hapo mwenye nyumba anayo sheria yake ya kukamata mali kwa ajili ya kodi isiyolipwa. Lakini mambo hayo mawili yasichanganywe, na twajua madalali wengine hupenda yachanganyike ili watu waogope wakimbie.

Mnada nao hauji kwa usiku mmoja. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 imeweka ngazi. Mwenye kukopa akikosa kulipa, na kosa lile likaendelea mwezi mmoja, benki humwandikia notisi chini ya kifungu cha 90, na katika notisi hiyo lazima apewe muda usiopungua miezi mitatu ili alipe. Muda ukipita hajalipa, benki yaweza kumpa notisi ya kuuza chini ya kifungu cha 96, na haiwezi kumaliza mapatano ya kuuza mpaka siku 40 zipite. Dalali naye ana kanuni zake za mwaka 1997. Ni lazima ampe mwenye mali notisi ya siku zisizopungua 45 ili aikomboe mali yake, na baada ya hapo mnada usifanywe kabla ya siku 14 tangu tangazo la kwanza kutoka gazetini. Hesabu hizo kwa vidole. Hata zikibanwa namna gani, ni karibu miezi sita tangu mwenye nyumba aanze kukosa kulipa.

Miezi sita! Kwa hiyo yule aliyepokea dipoziti wiki mbili kabla ya karatasi kubandikwa alijua. Alikuwa na notisi ya benki katika kabati lake wakati alipokuwa akihesabu fedha za ndugu yetu. Twasema wazi kwamba huo si ukosefu wa bahati. Mtu aliyeshindwa na mkopo twaweza kumhurumia, lakini mtu auzaye usingizi wa miezi kumi na miwili naye ajua ana miezi miwili tu, huyo amemlaghai mwenzake.

Hapa tunafika penye jambo ambalo wengi wetu hatukulijua, na twakiri kwamba hata sisi wa halmashauri tulilijua baada ya kuketi na wakili na kusoma kifungu chenyewe neno kwa neno. Kifungu kile cha 96 hakisemi notisi ya kuuza apewe mwenye deni peke yake. Kinataja watu wengine ambao ni lazima wapewe nakala: mume au mke aliyekubali rehani, mdhamini, mwenye hisa katika ardhi ile, na pia mpangaji, na hata mpangaji aliyepanga kwa mpangaji mwingine, wa ardhi ile au wa jengo lililo juu yake. Tena notisi hiyo ibandikwe mahali pa kuonekana, penye ardhi yenyewe au karibu nayo. Yaani sheria yamhesabu mpangaji kuwa mtu. Haimhesabu kama dirisha au bomba la maji, kitu cha kuuzwa pamoja na ukuta.

Ndugu zetu saba, je, walipewa nakala? Hakuna hata mmoja. Waliona karatasi ya dalali tu, nayo ilibandikwa siku chache kabla ya mnada. Kama msimamizi wa ploti alipokea nakala akazitia chini ya godoro lake, hilo ni jambo la kuulizwa. Mpangaji ambaye hakupewa nakala anayo haki ya kuandika barua kwa benki na kwa dalali, akidai nakala yake na kuuliza ilipelekwa kwa nani na siku gani. Jambo hilo laweza kupelekwa mbele ya korti. Hatuahidi kwamba korti itauzuia mnada kwa sababu hiyo. Lakini barua ya wapangaji ishirini, yenye sahihi zao na namba za vyumba vyao, haitupwi katika kapu la takataka kama barua ya mtu mmoja.

Sasa kodi. Wako wajuaji katika kila ploti ambao wakisikia habari ya mnada husema, "Basi, mwezi huu hakuna kulipa." Twawaomba wanachama wasifuate shauri hilo. Mpaka nyumba itoke mkononi mwa mwenye nyumba au wewe upokee maandishi halali ya kukuambia vinginevyo, kodi ni deni lako, na mtu mwenye deni la kodi amejivua ngao yake mwenyewe. Ajapo tajiri mpya, wa kwanza kuandikiwa notisi ni yule asiyekuwa na risiti.

Lakini iko njia nyingine ambayo sheria imeiweka, na ni vizuri kuijua isije ikakushtua. Benki si lazima iuze mara moja. Yaweza kumweka mtu wa kupokea mapato ya nyumba, au yaweza kuishika nyumba kwa kuwaandikia wapangaji notisi kwamba tangu sasa kodi iliyokuwa ikienda kwa mwenye nyumba ilipwe benki. Hiyo imo katika vifungu vya 92 na 94. Ukipata notisi ya namna hiyo, isome, uliza benki yenyewe kama ni yao, kisha ulipe pale inaposema, na ushike risiti. Usilipe kwa maneno ya mtu aliyesimama langoni na simu mkononi akisema ametumwa. Na kama watu wawili wanadai kodi ile ile, usimpe wa karibu kwa sababu ana sauti kubwa. Njoo ofisini na karatasi zote mbili.

Tuseme sasa nyundo imekwisha kugonga meza, na nyumba imepata mnunuzi. Hapo ndipo watu wengi hudhani mambo yamekwisha. Siku ya mnada mnunuzi kwa kawaida hutoa sehemu tu ya bei, na baki huilipa baadaye. Ardhi huwa yake hasa uhamisho unapoandikwa katika daftari la ardhi. Kwa hiyo mtu akija kesho yake akasema, "Mimi ndimi mwenye nyumba, tokeni kufikia Jumapili," mwombe kwa adabu karatasi zake.

Na hata akiwa nazo, Jumapili ni mapema mno. Mpangaji wa mwezi kwa mwezi, asiyekuwa na mkataba wa maandishi, naye anao mkataba mbele ya sheria. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Ardhi chasema upangaji wa namna hiyo huvunjwa kwa notisi isiyopungua kipindi cha kodi yenyewe, nayo iishe siku ya kulipa kodi. Ukilipa kila mwezi, notisi ni mwezi mmoja kamili. Sheria ya Usajili wa Ardhi, pia ya mwaka 2012, katika kifungu cha 28 yautia upangaji wa vipindi, na mikataba isiyozidi miaka miwili, katika haki zinazoifunga ardhi hata kama hazikuandikwa katika daftari. Upande wa pili, kifungu cha 98 cha Sheria ya Ardhi chasema mnunuzi hupata ardhi bila mizigo iliyo nyuma ya rehani, isipokuwa mkataba wa kupanga ambao benki iliukubali kwa maandishi. Mawakili wa mabenki hushika kifungu hiki, na mawakili wa wapangaji hushika kile. Sisi twawaambia wanachama hivi: mwenye mkataba mrefu na aulize mapema kama benki imeutilia sahihi, na mwenye kulipa mwezi kwa mwezi asikubali kutoka chini ya notisi ya mwezi.

Kuna kitu cha zaidi. Tangu mwaka 2016 Sheria ya Ardhi ina vifungu juu ya kuwaondoa watu. Hata mtu anayekaa katika ardhi ya mwingine bila ruhusa, ambaye hakulipa kodi hata senti moja, hupewa notisi ya miezi mitatu, naye aweza kukimbilia korti kabla haijaisha. Wanaokuja kuwaondoa watu lazima wajitambulishe na waonyeshe idhini yao, na heshima ya binadamu ilindwe. Tunaona ajabu kwamba aliyeingia bila ruhusa apewe miezi mitatu, na mfanyakazi aliyelipa kodi miaka sita bila kukosa aambiwe mwezi mmoja unamtosha. Tutarudi hapo.

Ajabu nyingine ni hii. Iko Sheria ya Kudhibiti Kodi ya Nyumba, ya tangu mwaka 1959. Mpangaji aliye chini yake hafukuzwi wala haongezewi kodi ila kwa amri ya baraza la kodi, hata nyumba ikibadilisha mwenyewe. Ni sheria nzuri. Lakini inahusu nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na kiwango hicho kiliwekwa zamani, wakati fedha hiyo ilipokuwa fedha. Leo mfanyakazi wa kiwanda mwenye chumba kimoja na choo cha kushirikiana aweza kuwa amekipita. Huku nyuma, duka lililo chini ya jengo lile lile lina sheria yake ya mwaka 1965, na mwenye duka ambaye mkataba wake haukuandikwa ni lazima apewe notisi ya miezi miwili, tena kwa fomu maalumu, na akiipinga yaenda barazani. Kwa hiyo unga, sabuni na sukari ya chini zimelindwa kuliko watoto waliolala juu. Hatuna chuki na wenye maduka, wengi wao ni wake zetu. Twataka ghorofa ya juu nayo ifikiriwe.

Dipoziti ndiyo donda kubwa, maana hapo fedha imekwisha kutoka mfukoni. Mwenye nyumba wa zamani ndiye aliyeipokea, na mara nyingi akiona mnada hubadilisha namba ya simu. Mnunuzi naye husema, "Mimi sikupokea chochote." Dawa si kamili, ila ipo. Mara tu mwanachama anapopata habari ya rehani kuuzwa, amwandikie mwenye nyumba barua akitaja kiasi alichotoa na siku, na aombe dipoziti ile ihesabiwe kuwa kodi ya mwezi wa mwisho. Mwenye nyumba akikubali, atie sahihi. Mwenye nyumba aliyekwama mara nyingi hukubali, kwa sababu haimtoi fedha mkononi siku ile. Asipokubali, barua ile na risiti zitakuwa ushahidi wa kumdai. Waliolipa kwa simu wasifute ujumbe wao. Waliolipa mkononi bila risiti, hao twawaambia kwa upole kwamba wamekuwa wakilala mlango wazi.

Tusidhaniwe twasema kila mwenye nyumba ni adui. Wako wazee wetu, waliostaafu kazi hii hii, waliochukua kiinua mgongo chao wakaongeza mkopo wakajenga vyumba kumi. Mmoja wao amepata kusimama mbele yetu akilia, naye ni mtu aliyeshika bendera ya chama miaka mingi. Hata yeye anayo haki yake: kifungu cha 97 chaitaka benki itafute bei iliyo bora kadiri iwezekanavyo, na ardhi ithaminiwe kabla ya kuuzwa. Na wapangaji wanaoendelea kulipa wanamsaidia mzee kama huyo kuliko wanaokimbia. Tunachokataa ni kwamba deni la mmoja liwaangukie ishirini gizani, bila kuambiwa.

Jambo la nyumba si geni kwa vyama vya wafanyakazi, ingawa waajiri wengine husema tubaki kwenye mishahara. Mwaka 1939 wafanyakazi wa Mombasa waligoma, na malazi yalikuwa katika malalamiko yao ya kwanza. Ile posho ya nyumba iliyomo katika hati ya mshahara wako haikudondoka kutoka mbinguni, na leo Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yamlazimisha mwajiri ampe mfanyakazi nyumba inayofaa au fedha za kutosha kupangia nyumba. Mwaka 2013 Mahakama Kuu iliamua kesi ya wapangaji wa mtaa wa Muthurwa, nyumba za reli za zamani, ikaona kwamba haki yao ya makao, iliyomo katika kifungu cha 43 cha Katiba, ilivunjwa kwa namna walivyotaka kuondolewa. Tena tangu mwaka 2024 Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu yatukata senti 150 katika kila shilingi 100 ya mshahara, na mwajiri hutoa kiasi hicho hicho. Tunajenga nyumba za kesho kwa jasho la leo, na sawa. Lakini ni haki kuuliza juu ya ile tunayolala usiku huu.

Kwa hiyo halmashauri imepatana kupeleka madai haya kwa wabunge wetu na kwa Wizara. Kwanza, nyumba ya kupanga ikiuzwa kwa rehani, mpangaji anayelipa apewe notisi isiyopungua miezi mitatu kutoka kwa mnunuzi. Hatuombi mwezi wa mbinguni. Marekani, baada ya mabenki kuuza nyumba nyingi sana, walitunga sheria mwaka 2009 ya kumpa mpangaji siku 90, na mwenye mkataba wa kweli aachwe amalize mkataba wake, isipokuwa mnunuzi ataka kukaa humo mwenyewe. Sheria ile ilikwisha muda mwisho wa mwaka 2014, wakairudisha mwaka 2018 bila kikomo. Pili, anayenunua nyumba anunue pamoja na deni la dipoziti, na benki ihesabu jambo hilo kabla ya mnada. Tatu, mwenye nyumba aliyekwisha pokea notisi ya kifungu cha 90 asiruhusiwe kupokea mpangaji mpya bila kumwonyesha notisi hiyo. Nne, nakala za wapangaji ziandikwe kwa Kiswahili, maana karatasi ile ya langoni ilikuwa ya Kiingereza kitupu, na ndugu yetu wa zamu ya usiku alimwomba mtoto wa darasa la saba amsomee. Tano, kile kiwango cha shilingi 2,500 kitazamwe upya.

Wale saba wa ploti ya ghorofa tatu bado wako ndani. Walichagua watu watatu kuwasemea, wakaandika barua mbili, moja kwa benki na moja kwa dalali, na makatibu wa chama wakazipeleka kwa mkono na kupata mhuri wa kupokelewa. Wote wamelipa kodi ya mwezi huu. Mama wa magunia ametoa sufuria, lakini twasikia vyombo vya udongo bado amevifunga.

Katika mkutano ujao wa matawi, wakili atakaa nasi saa mbili baada ya shughuli za kawaida. Mwanachama aliyeona karatasi langoni mwake alete picha yake, mkataba kama upo, risiti za kodi, ujumbe wa simu wa malipo, na namba ya ploti ili tupate kuuliza katika ofisi ya ardhi kama kuna rehani. Wasio na karatasi langoni waje pia na namba zao za ploti.